Safari ya siku sita kwenda shule ya waliofeli

Kama ulisoma matokeo yako ya KCSE ukiwa umejifungia chooni, hii stori ni yako. Kama uliacha chuo mwaka wa pili na kila shangazi akikuuliza "Unamaliza lini?" unajibu "Karibu tu, aunty," pia ni yako. Hata wewe uliyemaliza na digrii yako inalala kwenye bahasha chini ya godoro, songa hapa, nafasi ipo.

Kuna shule kaskazini kabisa mwa India ambako kwa miaka mingi sifa ya kwanza ya kupokelewa ilikuwa kufeli mtihani. Sikutanii. Inaitwa SECMOL, iko kando ya mto Indus karibu na kijiji cha Phey, katika eneo la Ladakh, huko juu kwenye milima ya Himalaya. Mwaka 2024 nilikaa huko wiki tano kama mgeni wa kujitolea. Unazungumza Kiingereza na wanafunzi, unashika kazi za mikono kama kila mtu, na wewe mwenyewe unajifunza.

Watu wakinipata mtaani huniuliza kuhusu shule. Mimi huanza na barabara, juu hiyo barabara nusura immalize mmoja wetu, na juu watu wengi hawakwambii ukweli kuihusu. Kwenye Instagram utaona anga ya buluu na bendera za maombi zikipepea. Hutaona mtu akitapika ndani ya karatasi ya mkate huku gari likipinda kona ya kumi na saba.

Lakini ngoja kwanza ujue kwa nini mtu ajitese hivyo.

SECMOL ilianzishwa mwaka 1988 na kikundi cha vijana wa Ladakh. Anayejulikana zaidi kati yao ni Sonam Wangchuk, mhandisi. Alipokosana na babake kuhusu kozi ya kusomea, alijilipia karo mwenyewe kwa kufundisha tuisheni, na huko kwenye tuisheni ndiko alikoona kitu. Wanafunzi waliokuwa wakianguka hawakuwa wajinga. Nyumbani mtoto alizungumza Kiladakhi. Shuleni akafundishwa kwa Kiurdu. Akifika darasa la tisa, kila kitu kikageuka kuwa Kiingereza, na baada ya hapo akakalishwa kwenye mtihani wa darasa la kumi ambao ndio unaamua maisha yake. Katikati ya miaka ya 1990, karibu watoto 95 kati ya 100 walikuwa wakiufeli. Rudia hiyo namba polepole. Si 95 waliopita. 95 walioanguka.

Kama uliwahi kuvalishwa disk shingoni shule ya msingi kwa sababu uliongea lugha ya nyumbani, sidhani unahitaji maelezo zaidi.

Hao vijana hawakukaa kulalamika. Mwaka 1994 walishirikiana na serikali na wanavijiji kurekebisha shule za umma. Walimu wakafunzwa upya, kila kijiji kikaunda kamati ya shule, na vitabu vikaandikwa vikizungumzia maisha ya Ladakh yenyewe. Kufikia 2015 waliokuwa wakipita walikuwa wamefika karibu asilimia 75. Na kwa wale ambao mtihani ulikuwa umeshawatema, kukawa na shule ya Phey.

Kama umetazama ile filamu ya 3 Idiots ya mwaka 2009, inasemekana yule mhusika wa Aamir Khan alichorwa kwa kumwangalia Wangchuk kidogo. Watalii huenda Ladakh kutafuta "shule ya Rancho" na wanapelekwa shule nyingine kabisa, iliyo Shey, upande mwingine wa mji wa Leh. Hiyo ndiyo inayoonekana kwenye filamu. Usichanganye.

Sasa mimi. Niliacha chuo kwa sababu karo iliisha. Hakuna drama nyingine hapo. Nilipomwambia mathe naenda kukaa shuleni India, aliweka chini beseni la sukuma wiki, akajipangusa mikono na leso, akaniuliza, "Watakupa karatasi?"

"Hapana, mama."

"Na nauli ni ya nani?"

Nikamwambia ni yangu. Miezi 14 ya kuwaandikia watu matangazo ya mitandaoni, kipande kwa kipande. Akanyamaza. Wewe unaujua ule ukimya. Ni bora mtu akufokee.

Mambo mawili kabla ya kuondoka. La kwanza, chanjo ya homa ya manjano. India hawachezi na hiyo kadi kwa mtu anayetoka Kenya. Lazima uwe umedungwa angalau siku 10 kabla ya kufika, la sivyo wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6. La pili, pesa taslimu. Huko hakuna M-Pesa, na malipo ya simu ambayo Wahindi wenyewe wanatumia kila mahali, hata kwa muuza njugu, wewe mgeni huenda yasikukubali. Tembea na noti.

Nairobi hadi Mumbai ni ndege ya saa sita hivi, na saa zao ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu itakusumbua akili hadi siku ya kurudi. Mumbai hadi Delhi nilipanda treni usiku kucha, karibu kilomita 1,400, nikiwa kitanda cha juu kabisa kati ya vitatu, pua yangu ikigusana na feni. Familia iliyokuwa chini yangu ilinipa chapati na achari bila kuniuliza jina. Delhi yenyewe sikuiona. Joto la Julai la huko linakukumbatia kama taulo iliyochovywa maji moto, kwa hivyo nilijificha kivulini hadi jioni, nikapanda basi la kwenda Manali.

Hapo ndipo safari ilianza kudai chake.

Manali ni mji ulio chini ya milima, kilomita 530 hivi kutoka Delhi. Basi hutoka jioni na kufika asubuhi. Letu halikufika asubuhi. Julai ni msimu wa mvua kubwa, na tulipopita mji wa Mandi tulikuta kipande cha mlima kimeshuka barabarani. Mawe, matope, mti mzima na mizizi yake. Dereva alizima injini, akavua viatu, akapandisha miguu kwenye dashibodi na kulala. Ukiona dereva anavua viatu, jua hamwendi popote. Tulikaa hapo saa tisa. Tinga lilikuja, likasukuma, mlima ukashuka tena kidogo, likasukuma tena. Tulifika Manali jioni, mgongo wangu ukiwa na umbo la kile kiti.

Nilipumzika siku moja, kisha nikatafuta gari la kwenda Leh. Na hapa ningependa unisikilize vizuri, juu hapa ndipo vijana wengi wenye mfuko kama wangu hupita. Kuna magari ya pamoja, yale ya abiria kumi na kitu, kama nisani zetu za mtaani lakini zenye magurudumu ya kazi. Yanatoka Manali saa nane usiku na yanafika Leh usiku unaofuata, bila kulala njiani. Kwa mfuko ni nafuu. Kwa mwili ni mkopo wa shailoki.

Mbona saa nane usiku? Si ushamba. Njiani kuna vijito vinavyokatiza barabara, na maji yake ni theluji iliyoyeyuka. Asubuhi mapema vinakufikia kwenye kifundo cha mguu. Jua likiwaka mchana, theluji inayeyuka huko juu, na ikifika alasiri kile kijito kimekuwa mto unaoweza kusukuma gari. Dereva anayejua kazi yake anaviwahi vikiwa bado vimelala.

Tulikuwa abiria kumi na mmoja. Kando yangu aliketi msichana wa miaka kama ishirini, mwenyeji wa Ladakh, aliyekuwa akirudi kutoka kwa jamaa zake. Nyuma kulikuwa na vijana watatu kutoka Chennai, wanafunzi wa uhandisi walio likizo, wachangamfu balaa, na spika yao ndogo ilikuwa ikicheza nyimbo za Kitamil kabla hata gari halijawashwa. Chennai iko baharini. Kumbuka hilo.

Baada ya Manali unaingia kwenye handaki la Atal, la kilomita 9, lililofunguliwa mwaka 2020. Tuliingia mvua ikinyesha, tukatoka upande wa pili hakuna mvua. Milima inazuia mawingu yote upande wa kusini, na kuanzia hapo nchi inaanza kukauka, hadi ukifika Ladakh unaona mawe tu, rangi ya ngano, ya zambarau, ya majivu, na kijani kidogo mahali ambapo mtu amevuta mfereji.

Tulikunywa chai Keylong kukipambazuka, mita 3,080. Kichwa changu kilikuwa sawa. Nilijipiga kifua. Mimi ni wa Nairobi, mita 1,700 hizo si mchezo, mapafu yamezoea. Yule msichana alicheka akasema, "Acho-le, ngoja." Acho ni kaka mkubwa kwa Kiladakhi, na hiyo "le" mwishoni ni heshima, wanambandika kila mtu, ama-le kwa mama, aba-le kwa baba. Nilipenda kuitwa hivyo. Sikupenda kilichofuata.

Wacha nikupe vipimo vya nyumbani. Wengi wetu tukisema tumepanda Mlima Kenya tunamaanisha Lenana, mita 4,985, na mtu hupanda kwa siku tatu au nne ili mwili uzoee. Sisi saa nne asubuhi tulikuwa kwenye njia ya Baralacha, karibu mita 4,900, tukiwa tumeketi kwenye gari, miguu imekufa ganzi. Vijana wa Chennai waliruka nje na kukimbilia theluji. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuiona, na hata mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza, nisijifanye. Wakavua mashati wapigwe picha. Msichana aliwatazama, akatikisa kichwa, akanipa chupa ya maji. "Kidogo kidogo," akasema. "Na usikimbie hata kama unaenda kukojoa."

Baada ya Sarchu kuna kona 21 zinazoitwa Gata Loops, moja juu ya nyingine kama kamba iliyokunjwa. Kwenye kona mojawapo kuna rundo la chupa za maji, mamia na mamia. Husimuliwa kwamba zamani lori liliharibika hapo mwishoni mwa msimu, dereva akaenda kutafuta msaada kwa miguu, theluji ikafunga njia, na tanboi wake aliyebaki kulinda mzigo akafa kwa baridi na kiu. Wasafiri humwachia maji. Dereva wetu alipunguza mwendo, akatupa chupa moja dirishani, akaendelea. Tanboi tu. Hakuna anayekumbuka jina lake, lakini kila siku anapewa maji.

Kufikia njia ya Lachung, mita 5,065, kichwa changu kilikuwa kinapigwa kwa nyundo kutoka ndani. Nilitapika mara mbili. Muziki wa nyuma ulikuwa umezimwa zamani. Tulishuka hadi Pang saa tisa mchana, mahali pa mahema, supu ya tambi na kambi ya jeshi, na hapo ndipo kijana mmoja wa Chennai, yule mwenye mwili wa jimu, alishuka garini akayumba.

Rafiki zake walicheka. Walidhani anaigiza. Yule msichana hakucheka. Alichora mstari mchangani kwa kiatu chake, akamwambia autembee, kisigino mbele ya kidole. Hakuweza hatua tatu. Alimuuliza jina la chuo chake, akajibu kitu kisichoeleweka.

Shika hili hata kama hutawahi kwenda Ladakh, juu Mlima Kenya upo na Kilimanjaro ipo. Ukiwa juu, kichwa kuuma ni kawaida. Kukosa hamu ya kula ni kawaida. Mtu akianza kutembea kama mlevi na hajaonja kitu, akaanza kuongea maneno yasiyoshikana, hiyo si uchovu. Ubongo unavimba. Mwingine atakohoa na kuhema hata akiwa ameketi, huyo mapafu yanajaa maji. Yote mawili yanaua, na yanaweza kuua kwa saa chache tu. Dawa kubwa ni moja, kushuka chini.

Sasa tatizo la Pang ni umbo lake. Ni kama sakafu ya bakuli. Mita 4,600 tayari ni juu mno kwa mgonjwa kulala, lakini ukitaka kutoka, lazima kwanza upande. Ukirudi nyuma, unavuka tena Lachung. Ukienda mbele, unavuka Tanglang, mita 5,328. Kilele cha Batian, mahali pa juu zaidi Kenya nzima, ni mita 5,199. Yaani barabara ya gari inapita juu kuliko nchi yetu yote.

Tulimbeba hadi kwenye kituo cha matibabu cha jeshi. Alipewa oksijeni na sindano. Rafiki zake wawili walikuwa wakilia waziwazi, wavulana wakubwa, na mmoja aliendelea kuniuliza mimi, mtu wa Kenya nisiyejua lolote, kama amwambie mama yake mgonjwa kwa simu au asubiri. Mtandao wenyewe haukuwepo. Nje, abiria wawili walianza kunong'ona kwamba tulale hapo, dereva amechoka, saa kumi na tatu yuko kwenye usukani. Walikuwa wakisema kweli. Na kulala hapo kungemmaliza yule kijana.

Mhudumu wa jeshi ndiye aliyekata maneno. Nendeni mbele, mkae na mtungi wa oksijeni, msisimame kileleni, Leh ni mita 3,500 na kuna hospitali. Dereva alikunywa chai vikombe vitatu, akanawa uso kwa maji ya barafu, akasema "Chalo." Twende. Hakuna aliyenong'ona tena.

Kazi yangu ilikuwa kushikilia mtungi usibingirike. Nilikaa sakafuni kati ya viti, mtungi mapajani, kichwa kinapasuka, na nilipata kugundua kwamba ukiwa na kazi ya kufanya, unaumwa kidogo. Baada ya kupanda kutoka Pang, barabara inaingia uwanda mpana, tambarare kama Kajiado lakini hakuna hata kichaka, jua linazama, na kwa mbali mbuzi wale wa manyoya ya pashmina wanaswagwa kurudi kwenye mahema. Ni pazuri kupita maelezo. Nilipaona kwa jicho moja, juu lingine lilikuwa kwenye kipimo cha mtungi.

Tanglang tuliipita gizani. Huko juu hewa unayovuta ina oksijeni nusu hivi ya ile ya Mombasa. Kuna bango linalosema kimo, kila mtu hupiga picha hapo. Hakuna aliyeomba gari lisimame. Kisha tukaanza kushuka, kona baada ya kona, masikio yakifunguka, hadi tukafika Upshi kando ya Indus. Na hapo, kutoka nyuma, tukasikia sauti ya yule kijana. Aliuliza, "Spika yangu iko wapi?"

Gari zima lilicheka hadi dereva akapiga honi.

Tulifika hospitali ya Leh baada ya saa saba usiku. Siku tatu baadaye nilisikia ameruhusiwa na amerudi kwao kwa ndege, mzima.

Mimi nililala siku mbili kwenye nyumba ya wageni. Usiku wa kwanza unashtuka usingizini ukihema kama uliyekuwa unazama, mwili umesahau kupumua kisha umekumbuka. Mwenye nyumba, ama-le mmoja wa miaka kama sitini, aliniletea supu na chai ya chumvi na siagi. Ukiinywa ukifikiria ni chai, utaitema. Ukiifikiria ni mchuzi, inapita vizuri. Neno la kwanza nililojifunza ni "julley," ambalo ni habari, asante na kwaheri kwa wakati mmoja. Lugha yenye akili.

Laini ya simu niliyonunua Delhi ilikuwa imekufa tangu njiani, juu laini za kuweka salio zinazotoka sehemu nyingine za India hazifanyi kazi Ladakh. Nilipopata wifi, ujumbe wa mathe ulikuwa umejaa. "Umefika?" "Umekula?" "We jibu." Wa mwisho ulikuwa alama ya kuuliza peke yake.

Phey iko umbali wa kilomita 18 hivi kutoka Leh. Na nani aliyenipokea shuleni? Yule msichana wa mstari mchangani. Alikuwa mwanafunzi wa hapo. Hakuwa amenieleza na mimi sikuwa nimeuliza, safari nzima tuliongea kuhusu maji na kutapika. Alikuwa amefeli mtihani wa darasa la kumi mara mbili, na somo lililomwangusha zaidi ni sayansi. Mwezi ule jukumu lake lilikuwa kusimamia umeme wa jua wa shule nzima. Alinitembeza akinieleza betri, paneli zinazogeuzwa kufuata jua, na kwa nini majengo yote yametazama kusini.

Hayo majengo ni ya udongo. Udongo ulioshindiliwa, kuta nene, madirisha makubwa upande wa jua. Wakati wa baridi nje hufika nyuzi 15 chini ya sufuri, na ndani hukaa karibu 15 juu ya sufuri bila kuwasha moto. Udongo unashika joto la mchana na kulitoa usiku. Nilifikiria nyumba ya udongo ya cucu wangu ushago ambayo tuliibomoa tukajenga ya mabati, tukiita maendeleo, na sasa mchana ni tanuri na usiku ni friji. Kuanzia mwaka 2013, Wangchuk na wanafunzi walianza pia kujenga vilima vya barafu vyenye umbo la koni. Maji ya kipupwe yanarushwa juu yagande, kisha yayeyuke polepole wakati wa kupanda shayiri, kabla mito haijajaa. Fizikia ya darasani, lakini inanywesha miti.

Siku inaendeshwa na wanafunzi. Mmoja anasimamia jiko, mwingine ng'ombe, mwingine hesabu za pesa, na zamu hubadilishwa. Ukikosea hesabu, mnakula dengu wiki nzima, na kila mtu anajua ni nani. Saa ya mazungumzo mimi nilikaa na vijana sita au saba, mada yoyote. Siku moja waliniuliza kwetu mtu akianguka mtihani huenda wapi. Nikawaeleza gredi, C plus ya kwenda chuo kikuu, wale wanaopata D, wazazi wanaoacha kusalimia majirani. Wakauliza, "Halafu?" Nikasema, halafu kila mtu anajitafutia. Wakanyamaza wakingoja niendelee, wakidhani sijamaliza.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Juni na Septemba ikiwa ni kwa barabara, juu theluji huifunga wakati wa baridi. Na usipitie njia yangu. Pitia Srinagar. Njia ya huko ya juu kabisa, Fotu La, ni mita 4,108, unalala Kargil mita 2,676, na mwili unapanda kwa adabu. Ndege kutoka Delhi hadi Leh ni saa moja na kitu, lakini inakutua kwenye mita 3,500 ghafla, kwa hivyo siku mbili za kwanza usifanye chochote, hata kama unajisikia fiti. Hasa kama unajisikia fiti. Kama una presha, pumu au shida ya moyo, ongea na daktari kabla hujalipa senti. Waandikie shule mapema pia. Usijitokeze tu langoni na begi.

Mimi kurudi nilipanda ndege. Nilikaa dirishani nikitafuta barabara yetu chini, sikuiona.

Karatasi sikupewa. Nilimletea mathe kilo mbili za aprikoti kavu za Ladakh. Alionja moja, akasema ni tamu, halafu akazipanga mezani kando ya nyanya na kuuza tano mbao. Kufikia saa kumi na mbili jioni zilikuwa zimeisha, na mteja mmoja alikuwa akiuliza zingine zinakuja lini.